Mama Atu alidai lumbesa kwenye programu

Jamani, leo kompyuta imenigombanisha na mteja!

Mama Atu ana mashine ya kukoboa mpunga huko Chimala. Nilimtengenezea programu ya mizani, naye kwa mazoea ya magunia akadai lumbesa, ile nyongeza ya juu ya kipimo.

Sawa. Kwenye kifurushi cha kusakinisha nikamwongezea debugger, ile ya kusimamisha programu kila hatua ili kusaka makosa, pamoja na Python, lugha inayoiendesha.

Nikasahau kuizima.

Asubuhi napigiwa: kila gunia likipimwa, kompyuta inasimama na kuuliza, "Niendelee?"

Foleni imefika barabarani!

Nikatoka kwangu Uyole mbio hadi mashineni. Nagusa tu kipanya niifute, Mama Atu akanidaka mkono.

"Thubutu! Mume wangu anatoa magunia bila kuniambia. Hii inaomba ruhusa."

Mumewe alikuwa mlangoni, gunia begani.

Wenzangu, mngeifuta?