Ganzi ya goti iliisha nikiwa nimechuchumaa mbele ya mama mkwe

Wakuu, heshima kwenu.

Haya yamenikuta mwenyewe huku Kibondo. Kama naongopa, na goti la kushoto life. La kulia lilishakufa zamani.

Shule niliishia njiani, kwa hiyo nikichapia mambo ya kitabibu madaktari wa humu mnirekebishe, ila msinizomee.

Miaka yote zahanati nilikuwa napewa diclofenac na ushauri: "Punguza uzito." Uzito upi jamani? Mimi nikiendesha baiskeli watu wanadhani inajiendesha yenyewe!

Sasa kwetu Waha mkubwa husalimii umesimama kama nguzo ya umeme. Unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, mnaulizana mpaka habari za mbuzi. Mimi kwa ajili ya goti nikawa nasalimia wima.

Wakwe zangu wa Kumsenga wakaamua nina dharau. Mke wangu Renata alipoenda kumuuguza bibi yake, wakamzuia asirudi. Shemeji akanipigia:

"Si umekuwa bwana mkubwa? Mama kasema siku ukijua kuchuchumaa, uje umchukue mkeo."

Renata aliwaambia ni goti. Wakamjibu, "Goti gani linauma kwetu tu?"

Wakuu, hilo neno liliniuma kuliko goti lenyewe.

Basi wakaja madaktari bingwa Kasulu. Yule wa kwangu akasema goti limelika, ila kuna tiba bila kupasua. Wanaingiza sindano, wanachoma kwa joto vimishipa vya fahamu vinavyopeleka maumivu kwenye ubongo. Goti haliponi, linanyamazishwa tu, na baada ya miezi kadhaa linaweza kuanza tena kelele.

Kwanza unapigwa ganzi ya kujaribu. Ikikubali, unapewa rufaa hospitali kubwa.

"Kaka, hii ni ya majaribio," akanionya. "Itaisha baada ya saa chache."

Mimi nishasimama, sisikii maumivu! Nikadandia gari la Kibondo, nikamalizia na boda mpaka Kumsenga.

Nikachuchumaa full. Makofi. Salamu ya Kiha: "Mwidiwe mama!"

Mama mkwe akafurahi, akaanza kuuliza. Nyumbani? Mihogo? Mbuzi, mmoja mmoja. Tulipofika kwenye habari za jirani yangu anayefuga nyuki, ganzi ikaaga.

Nilipiga yowe kuku wakatawanyika. Nikaanguka ubavu.

"Ona maigizo," shemeji akasema.

Mama mkwe akalishika goti, limevimba, la moto. Akamgeukia Renata. "Kumbe kweli?"

"Mama, nimesema tangu palizi!"

Yani binti yao wa kumzaa kasema, hawakumwamini, mpaka mimi nigaragare uwanjani kama kuku aliyekatwa shingo! Hapo ndipo ninapochukia mpaka leo. Na zahanati miaka yote hawakunitajia hii tiba hata kwa bahati mbaya.

Nilirudi nyumbani na Renata, shemeji huyohuyo kanibeba mgongoni mpaka kwenye boda. Radhi hajaomba.

Rufaa nilienda, nimeshachomwa, goti limenyamaza. Juzi tulienda Kumsenga, nikaanza kuchuchumaa, mama mkwe akawahi kuvuta kiti. "Kaa, baba, kaa hapa."

Nikakataa. Nikachuchumaa mpaka mbuzi wa mwisho, nikainuka mwenyewe huku namkazia macho shemeji.

Nilichojifunza: ganzi ya majaribio siyo tiba, msijitie ushujaa kama mimi. Na kabla hujamwita mtu ana dharau, muulize anaumwa wapi.

Mliochomwa vimishipa, kwenu goti lilinyamaza muda gani kabla ya kuanza tena? Na mashemeji mliomo humu, jiteteeni.