Siku Mabroka wa Geita Walipoipima Kadi Yangu

Jamani, hili naeleza mwenyewe kwa sababu najua nusu mnaijua tayari, na nusu mnayoijua ndiyo mbaya zaidi, ile ya mimi kutokwa na machozi ya furaha mbele ya ukumbi mzima kwa jambo ambalo halikuwepo, kwa hiyo bora mlisikie lote kutoka kwangu, Mama Kulwa wa Nyasubi, mkimaliza kucheka mniambie niendelee na kazi.

Wengi mnalijua duka langu la steshenari pale Kahama, natoa kopi, nalaminisha vyeti, nachapa barua za kuomba kazi. Mnachokijua wachache ni chumba cha nyuma. Kule ndiko uliko ugonjwa wangu, yaani kompyuta za zamani, zile zenye kioo kinene na mgongo mkubwa, ambazo watu wakihama ofisi wanaziacha uani zinyeshewe na mimi napita na mkokoteni naziokota (Baba Kulwa aliwahi kunikuta nazikausha kwa draya ya nywele, akarudi alikotoka bila kuuliza). Shida ya mashine hizo ni kwamba zinataka diski laini, vile vibapa vya plastiki, na diski laini siku hizi zimeota ukungu zote. Basi nikabuni kadi ndogo, unaichomeka ndani ya kompyuta, juu yake unaweka memori kadi ya simu, mashine inaamka asubuhi na kudhani imepewa diski yake ya ujanani. Kumbe wagonjwa kama mimi tuko wengi, tuna kundi letu kwenye simu, wengine wako Mwanza, wengine Tabora, wengine nchi za mbali ambako sasa hivi ni baridi. Kadi za awamu ya kwanza niliziunga kwa mkono wangu na zikaisha zote.

Zikaisha, na malalamiko yakaanza. Ile sehemu ya kadi inayoingia kwenye kompyuta ina vipande vidogo vya chuma vilivyojipanga, sisi tunaviita meno, na meno ya awamu ya kwanza niliyapaka bati kwa sababu bati ndilo nililokuwa nalo. Kwa vumbi letu hili bati lilikuwa linapiga weusi baada ya miezi michache na mashine inakataa kuwaka mpaka utoe kadi uisugue kwa kifutio cha penseli. Mwalimu Mabula, mstaafu wa Ushirombo, ambaye anaandikia nyimbo za kwaya kwenye kompyuta iliyomzidi umri mwanawe wa mwisho, alikuwa anatuma ujumbe kwenye kundi kila Jumapili baada ya misa: "Leo nimefuta tena." Basi, maneno matatu tu, bila tusi, na watu wote wanasoma. Ungenitukana ningeumia kidogo kuliko hivyo.

Kwa hiyo awamu ya pili nikaamua meno yawe ya dhahabu, maana dhahabu haipigi weusi. Kiwanda cha nje kikanitumia sampuli moja, nzuri, inang'aa, ila kikasema hakiwashi mitambo kwa kadi mbili tatu, nilete kwanza majina ya kutosha. Na kundi likasema wazi kwamba Mwalimu Mabula akiikubali sampuli wote wanajiandikisha, akiikataa hakuna mtu. Nyumbani nako Baba Kulwa akaweka la kwake, kwa upole, akiwa anakula: "Mama Kulwa, mimi sikukatazi. Ila ukikosa watu safari hii, kile chumba cha nyuma naweka mashine ya kukoboa mpunga." Mashine ya kukoboa. Nikaitazama ile milima yangu ya kompyuta nikaona pumba zinaifunika.

Tukapanga tukutane Geita, kwa sababu shemeji yangu Shija, mdogo wake Baba Kulwa, ni broka wa dhahabu pale Kalangalala na alituazimia ukumbi wa mgahawa ulio ubavuni mwa ofisi yake. Nikaandika tangazo kwa ajili ya kundi letu: kadi mpya za kompyuta za zamani, safari hii zimepakwa dhahabu, sampuli itaonyeshwa, soda zipo. Nikamtumia shemeji alione. Akanipigia papo hapo.

"Shemeji, ongeza neno halisi."

"La nini tena?"

"Huku ukisema dhahabu tu, mtu anajua ni shaba. Bila halisi hawainuki kwenye kiti. Halafu niachie mimi nilisambaze kwa watu wangu wachache, nikuungishe."

Hapo ndipo nilipojimaliza, jamani, kwa neno moja. Niliongeza "halisi" na nikamwambia asambaze, na usiku ule nikalala vizuri sana.

Siku yenyewe wenzangu walifika mapema, wachache tu, kila mmoja na mashine yake imefungwa kwenye shuka au kanga, Mwalimu Mabula na ya kwake kwenye kitenge cha marehemu mkewe, ameiweka mapajani wala hataki ishushwe chini. Nilipomwamkia aliitikia marahaba, akauliza kama sampuli ninayo, nikasema ninayo, akasema sawa. Halafu mlango ukaanza kuleta watu. Wanaume wenye buti zenye tope jekundu, vijana wenye simu mbili mbili, mabwana wenye vibegi vya kukumbatia kwapani, na mama mmoja mtu mzima mwenye pochi kubwa, anaitwa Mama Limi, ambaye kila aliyekuwa amekaa alisimama kumpisha. Nikampigia shikamoo, akaniitikia na kunishika mkono kwa muda mrefu, kama mtu anayeupima uzito. Viti vikajaa, watu wakasimama ukutani. Mimi ndani ya moyo nikasema, kumbe kazi yangu imefika mbali hivi, nikaagiza kreti nyingine za soda (na nyingine tena).

Nikahutubia. Nilieleza diski laini zilitoka wapi na zilikufaje, nikaeleza kwa nini kompyuta ya zamani ina heshima yake, nikaeleza kila jino la kadi linafanya kazi gani, kushoto kwenda kulia. Walinisikiliza kimya kabisa, hakuna aliyesinzia, na mimi sikujua kwamba mtu aliyezoea kukaa mdomoni mwa shimo siku nzima akisubiri jiwe lipande juu anaweza kuvumilia hotuba yoyote ile. Nilipomaliza nikauliza nani angependa kujiandikisha. Mikono ikanyooka ukumbi mzima, jamani, mingine miwili miwili.

Nikalia. Sitaki kuficha, nililia pale pale, nikatoa leso, nikasema nawashukuru wana Geita, sikuwahi kujua kwamba mnazipenda kompyuta za zamani kiasi hiki, nilidhani niko peke yangu na chumba changu cha nyuma, Mungu awabariki. Wakapiga makofi. Shemeji Shija naye akapiga, ila alikuwa anatazama viatu vyake.

Mama Limi akanyoosha mkono. "Wabeja, mayu," akasema, yaani asante mama kwa Kisukuma chetu, "umeeleza vizuri. Sasa kila kipande kina gramu ngapi?"

Mimi ni mtu wa vifurushi, najua uzito wa kila ninachokituma posta. "Kama sitini hivi," nikasema, huku najifuta pua.

Ukumbi ulisimama. Viti vilianguka, chupa zikaanguka, mtu nyuma akarudia "sitini?" kwa sauti ya mtu aliyeitwa na mahakama, mwingine akawa ameshapiga simu anamwambia mwenzake aache kila kitu aje. Sampuli ilikuwa mkononi mwangu, kisha haikuwa mkononi mwangu. Na hapa lazima niwaeleze wale ambao si wa huku: kwetu dhahabu ikipita mkononi mwa mtu haipiti bila kupimwa, hata ikiwa ni pete ya bibi harusi, na aliyepimiwa na jirani bado anataka kupima mwenyewe, si kwamba anamdharau jirani, ndiyo adabu ya kazi. Kila mmoja alikuwa na kajiwe keusi mfukoni. Walikuwa wanausugua ukingo wa kadi juu ya jiwe, wanadondosha tindikali tone moja, wanainamia, wanakubaliana kwa kichwa, wanampa anayefuata, naye anasugua jino lake. Mimi nasema jamani taratibu, jamani hiyo ni moja tu, shemeji nisaidie, na shemeji anasema, "Waache kidogo, wakiridhika watarudisha."

Walirudisha. Mama Limi ndiye aliyeileta, akaipima ya mwisho kwa jiwe lake mwenyewe, akatangaza hukumu kwa ukumbi wote. "Dhahabu ipo, na ni halisi, sikatai. Ila hii ni rangi ya kucha. Hizo gramu sitini anazosema ni za plastiki."

Sijui kama mmewahi kusikia wanaume wa mgodini wakicheka pamoja. Walicheka mpaka mpishi akatoka jikoni na mwiko. Mmoja akaniuliza kwa heshima kabisa kama yale machozi yalikuwa na dhahabu, maana angeyapima.

Ningeweza kuondoka. Mlango ulikuwa wazi. Lakini Mwalimu Mabula alikuwa ameshafungua kitenge, ameiweka mashine yake mezani, ameichomeka umeme, anasubiri, na sikuweza kumwambia mzee aliyetoka Ushirombo na mashine mapajani kwamba hakuna cha kuona. Nikachukua kadi, meno yote yamebaki na mistari ya kijivu na harufu ya tindikali, nikaichomeka. Kompyuta ikalia mlio mmoja mrefu, kioo kikajaa alama za ajabu, mishale, nyota, nusu herufi, zinateremka kwa kasi. Mwalimu Mabula akatazama, akaingiza mkono mfukoni, akatoa kifutio chake, akasema taratibu, "Labda tuifute."

Baada ya hapo mimi sikumbuki vizuri, nakumbuka nilikuwa nimekaa nyuma ya kreti za soda na nikiwaza pumba za mpunga. Mabroka waliondoka mmoja mmoja, na lazima niseme kila aliyepita aliniaga, na soda walilipa wao, walikataa kabisa nilipe. Mama Limi akaja na shemeji wakakaa na mimi kwenye kreti.

"Mayu," akasema, "usinichukie. Pete ya dhahabu naisugua mwaka mzima haibadiliki. Hii yako imeisha kwa kila mtu kusugua mara moja tu. Wewe ulitaka watu waichomeke na kuichomoa kwa miaka?"

Nikasema ndiyo.

"Basi waliokupakia walikupunja, au wewe ulichagua ya chini."

Nilichagua ya chini. Nilipoulizwa na kiwanda nataka upakaji upi nilichagua wa kwanza kwenye orodha kwa sababu jina lake lilikuwa na neno dhahabu na mimi nikaona yatosha, mtu niliyezaliwa na kukulia kati ya machimbo. Zingetoka kadi zote za namna hiyo, zingeng'aa kwenye picha, na baada ya kuchomekwa mara kadhaa zingekuwa mbaya kuliko zile za bati, na hapo hata kifutio kisingesaidia. Nilihisi baridi mgongoni nikiwa Geita saa nane mchana.

Mwalimu Mabula alikuwa anaifunga mashine yake upya kwenye kile kitenge. Alipanda basi lake. Mimi nikajua yamekwisha, nikarudi Kahama, nikamwambia Baba Kulwa aanze kuulizia bei za mashine ya kukoboa, akasema tule kwanza. Tukiwa tunakula simu ikalia. Ni Mwalimu, kwenye kundi, na ilikuwa Jumamosi, si kawaida yake. Aliandika: "Sampuli imepimwa na Geita nzima, imeshindwa. Sijawahi kuona fundi anayepeleka kazi yake ipimwe mbele ya watu kabla ya kuiuza. Nasubiri ya pili. Niandikeni mimi wa kwanza." Chini yake majina yakaanza kupanda, Mwanza, Tabora, na wale wa nchi za baridi, mpaka wali wangu ukapoa.

Mimi nilitaka kuandika kwamba sikuipeleka ipimwe, nilinyang'anywa. Baba Kulwa akaishika simu akaiweka kifudifudi mezani, akaniambia, "Nyamaza, kula."

Sampuli ya pili ilikuja na upakaji mnene, na nikaipeleka Kalangalala mwenyewe, Mama Limi akasugua mpaka akachoka mkono. Kadi zimetoka, zimeshafika kwa wenyewe, mashine ya kukoboa ameweka jirani, na kila Jumapili baada ya misa nafungua simu na Mwalimu Mabula hajaandika kitu. Utulivu huo wa Jumapili ndio mshahara wangu.

Ila nimeapa, neno dhahabu halitaandikwa tena na mkono wangu. Tangazo la awamu ya tatu nimelitoa wiki iliyopita, nimeandika tu kwamba meno ni ya njano. Jana mtu kanipigia kwa namba nisiyoijua, sauti ya Geita kabisa, akanisalimia vizuri, akauliza habari za watoto, habari za kazi, halafu akashusha sauti: "Samahani dada, hiyo njano, imepimwa?"