Chai ya Mtoto wa Jirani

Jumamosi iliyopita jirani yangu hapa Kinoo, mama aliyetoka magharibi mwa Kenya, alimwandalia bintiye chai ya kutimiza miaka mitano. Tangu uchaguzi watu wa makabila tofauti katika ploti yetu ya nyumba za kupanga hawasalimiani vizuri, lakini yeye alibisha kila mlango kualika watoto. Alitandika kitambaa cheupe mezani uani, akapanga vikombe kumi na keki.

Nilifika saa tisa na mwanangu. Hakuna mwingine aliyekuja, ingawa sauti za watoto tulizisikia ndani ya nyumba zao.

"Mum, mbona hawakuji?" binti akauliza.

"Wameenda kwa shosho yao," mama akajibu, kana kwamba wote walikuwa na nyanya mmoja, akimimina chai bila kututazama.

Mlango wa nyumba ya pili ukafunguka kidogo, mtoto akachungulia keki. Mkono ukamvuta ndani.

"Si nimekuambia usiende kwa hao? Sio watu wetu!" sauti ikafoka mle ndani.

Mama wa binti aliweka birika chini, akajifuta macho kwa leso. Binti akamkatia mwanangu kipande kikubwa.

Jumapili sisi wa ploti tulijaa kanisani, tukashikana mikono tukitakiana amani. Jirani yangu alikuwa nyumbani akifunga mizigo ahame. Nilijua, na sikwenda hata kumbebea godoro.