Bendera ya Vilima Vitatu

Katibu tarafa alifika kibarazani kwangu na pikipiki, hata injini hakuizima. Akaniuliza kama naweza kushona bendera. Nikamwambia mimi nashona sare za shule na magauni ya kitenge; bendera sijawahi.

"Taifa lina bendera, chama kina bendera," akasema. "Sisi wa huku hatuna. Nataka ya eneo letu, ipandishwe siku ya mechi ya ujirani mwema. Vijiji vyetu na kambi ya Lukole, wote chini ya bendera moja."

Rangi alishazichagua: kijani ya migomba, nyekundu ya udongo wetu, nyeupe ya amani. Katikati viwepo vilima vitatu. Akaondoka kabla sijamuuliza vilima hivyo viwe vya rangi gani.

Wakati ule wilayani kwetu Ngara hakuna aliyekuwa ametulia. Wakimbizi wa Rwanda walikuwa wamesharudishwa kwao, kambi yao ya Benaco imebaki uwanda mtupu, na Warundi wa Lukole waliamka kila asubuhi wakiulizana zamu yao ni lini. Sisi wenyeji tuliogopa majambazi. Mabasi ya Biharamulo yalisubiriana ili yasindikizwe na polisi kupita msituni. Mume wangu alitaka tuhamie Nyakahura kwa kaka yake. Tukikaa kula tu, anaanza: "Mama watoto, tufunge mizigo." Nami namjibu tusubiri kidogo, bila kujua tunasubiri nini.

Kuchora sijui. Nikaenda Lukole kwa mama mmoja Mrundi, wa umri wa mama yangu mzazi, aliyekuwa akidarizi vitambaa vya altare vya kanisa la kambini. Kihangaza changu na Kirundi chake vilielewana, hatukuhitaji mkalimani. Nilimwamkia shikamoo, naye akanipisha kwenye mkeka. Nilipomtajia zile rangi alicheka.

"Mwanangu, hizo ni rangi za kwetu," akasema. "Nimezikimbia, na wewe unaniletea nizishone."

Akanisimulia. Alipokuwa msichana, bendera ya Burundi ilikuwa na ngoma katikati, ngoma ya mfalme, pamoja na mmea wa mtama. Shuleni walifundishwa kuichora. Mfalme alipoondolewa, mwalimu aliingia darasani akawaambia waifute ile ngoma kwenye michoro yao.

"Tukafuta. Ukabaki mtama peke yake. Hata hatujauzoea, zikaja nyota tatu. Baba yangu akasema, kitambaa kikibadilishwa haraka hivi, watu nao watabadilishwa. Hatukumwelewa. Miaka michache baadaye walikuja kumchukua."

Akachukua kijiti akachora chini. Bendera ya kwao ina mistari myeupe inayokatizana kutoka kona hadi kona, kwa hiyo yetu, akasema, isiwe na mstari wa kukatiza hata mmoja. Tukakubaliana: kijani juu, nyeupe katikati, nyekundu chini, na vilima vya kijani kwenye ile nyeupe. Mimi nilishona, yeye akadarizi vilima. Kila lori liliponguruma barabarani, sindano yake ilisimama, akidhani zamu yao imefika.

Siku moja kabla ya mechi, mchana, katibu tarafa akataka tuijaribu kwenye mlingoti, katika uwanja ulio pembeni mwa kambi. Upepo ulikuwa mkali. Bendera ilipofika juu ilijikunja, nyeupe ikakaa mshazari, na vile vilima kwa mbali vikaonekana kama madoa matatu.

Huko mtelemkoni mtu akapiga kelele: "Bendera ya Burundi! Wanaturudisha!"

Sikuwahi kuona watu wengi wakikimbia namna ile. Masufuria yaliachwa motoni. Wanawake walifunga watoto mgongoni huku wanakimbia. Katibu tarafa akashika kipaza sauti akaanza, "Ndugu wananchi, tulieni!" Akazidi kuharibu, maana walichosikia ni sauti ya serikali.

Yule mama, aliyekuja nami kuiona ikipandishwa, hakukimbia. Alikwenda kwenye mlingoti, akafungua kamba, akaishusha bendera mwenyewe. Akanipa ncha moja, yeye akashika nyingine, tukaingia nayo kambini tukiwa tumeikunjua wazi.

"Tazameni!" alikuwa akisema. "Hizi si nyota. Ni vilima vya Ngara. Nimevidarizi mimi kwa mikono yangu."

Waliomfahamu kanisani walianza kusimama. Mwanamume mmoja aliyebeba godoro kichwani akaja kupapasa mshono.

"Sasa wameipandisha ya nini?"

"Ya mpira."

Akalitua godoro, akalikalia, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Wengine hawakuamini, wakaingia porini. Wengi wao walirudi siku zilizofuata. Wapo ambao hatukuwaona tena.

Katibu tarafa aliahirisha mechi, kisha akanijia na wazo jipya: tuitoe nyeupe, tuweke bluu ya mto Ruvubu. Nilipompelekea mama yule habari hiyo, alitikisa kichwa.

"Shona wewe ukitaka, mwanangu. Mikono yangu imekataa."

Mikono yangu nayo ilikataa. Nilimwambia katibu tarafa sitaishona. Nilidhani atafoka, lakini aliketi kwenye benchi la kibarazani, safari hii injini imezimwa, akajifuta jasho.

"Basi," akasema. "Mpira hauhitaji bendera."

Mechi ikachezwa baadaye bila mlingoti, kambi wakatufunga, na vijana wetu wakamlaumu refa njia nzima.

Jioni ile mume wangu hakurudia maneno yake ya mizigo. Mimi, niliyekuwa bado nawaona wale watu wakikimbia, ndiye niliyemwambia: "Baba watoto, twende." Tukahamia Nyakahura, nikaweka cherehani karibu na gulio. Nilidhani nitatulia huko, lakini kwa muda mrefu lori likipunguza mwendo barabarani mguu wangu uliacha kukanyaga. Wachuuzi waliniletea salamu za yule mama, nami nikamtumia nyuzi. Kisha kambi ikafungwa na salamu zikakoma. Nimemuuliza kila mtu aliyepita kutoka Lukole. Hakuna aliyeweza kuniambia kama alivuka kurudi kwao au alielekea kwingine.