Siku Tuliposahau Kilugbara

Wiki hii nilikuwa kortini Arua Hill kwa kesi ya shamba letu. Kabla yetu alisimama mwanamke kijana, mkono umefungwa kitambaa. Akaeleza kwa Kilugbara, lugha yetu, kwamba mume wake alimvunja mkono kwa mpini wa jembe. Hakimu si mtu wa kwetu, basi karani akamtafsiria: “Anasema walikosana kidogo na bwana yake.”

Yule mwanamke hajui Kiswahili. Akaitikia kwa kichwa.

Hakimu akatugeukia. “Ni hivyo tu? Nani mwingine hapa anasikia lugha yake?”

Nje tulikuwa tumesalimiana Kilugbara mpaka koo zikakauka. Ndani kila mtu akatazama miguu yake, na mimi yangu.

Mama mmoja akainuka, akasogea mbele. “Mzee, mimi iko nasikia. Alisema bwana yake alivunja yeye mkono na mti ya jembe. Na huyo bwana ni mtoto yangu.”

“Mama, kaa chini!” mwanawe akafoka kutoka kizimbani.

“Nimekaa chini siku mingi.”

Hakimu akaandika upya. Mama akarudi kwenye benchi letu, nasi tukasogea kumpa nafasi, kubwa kuliko aliyohitaji, kana kwamba aibu ilikuwa yake.