Chekeche Lililosimama Mno

Mama mdogo amechekecha kokoto miaka kumi na moja kwenye uwanja wa mawe nyuma ya kiwanda cha matofali. Madereva wanamwita Bi Chekeche, naye huitika. Chekeche lake ni fremu ya mbao yenye wavu wa chuma, refu kumpita, limeegemezwa kwenye gongo. Anarusha mawe kwa beleshi: madogo yanapenya wavu na kuangukia nyuma, makubwa yanateremka mbele. Anasema macho hudanganya, yeye husikiliza.

Wiki ile alipewa mzigo wa lori zima, kokoto kubwa tupu za nguzo za zahanati. Siku mbili kabla, mhandisi wa zahanati alikuwa ameukataa mzigo wa mwenzake, na msimamizi wa uwanja akatangaza mbele ya wote: "Mzigo mwingine ukikataliwa, mwenyewe afungashe aende." Mama mdogo ndiye anayetulea, mimi na wadogo zangu wawili. Sikuhitaji kufafanuliwa.

Asubuhi ya mzigo kupimwa na mhandisi, dereva wa lori alichota kokoto kiganjani.

"Bi Chekeche, hizi kubwa mbona zimekuja na watoto?"

"Wako hao, uliwatelekeza huku."

Dereva akacheka. Mama mdogo akapiga magoti, akapekua rundo. Vijiwe vidogo vilikuwa tele. Akarusha beleshi moja kwenye chekeche, akatega sikio. Mawe yakapita shaa! kama maji bombani.

"Mgongo umeniponza," akasema.

Siku tatu nyuma mgongo ulimuuma, akalisimamisha chekeche wima zaidi ili asiiname kukwangua mawe yanayokwama. Kumbe mawe yote yakawa yanateleza mbio, madogo hayapati nafasi ya kupenya.

Tukalilaza kidogo, tukaanza kulirudia rundo. Yeye anarusha, mimi nakwangua. Dereva alivua shati akashika beleshi la pili, huku akilalamika kwamba yeye ameajiriwa kukaa kwenye usukani, si kuchimba makaburi.

Mhandisi alipofika na msimamizi, theluthi nzima ilikuwa bado. Alibeba mizani na vichekeche vya duara vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, chenye matundu makubwa juu.

"Mama, nichote wapi?"

Angeweza kumwonyesha upande mmoja tu na kunyamaza. Nilimwona akifuta mikono kwenye gauni, mara mbili.

"Huku nimerudia, mhandisi. Kule bado, kuna vidogo. Nilikosea kulitega chekeche."

Msimamizi alikohoa. Mimi nikaangalia chini.

Mhandisi akachota kote kuwili, akatikisa, akapima kilichobaki kwenye kila kichekeche, akaandika. Za kule zilifeli kama alivyoambiwa. Za huku zilipita.

"Mwenzako aliniapia mzigo wake ni safi," akasema. "Wewe malizia hizo. Nitarudi saa tisa."

Saa tisa akarudi, akachota tena, sehemu tatu tofauti. Zote zikapita. Msimamizi aliisoma karatasi, akaikunja, akamwambia mama mdogo, "Kesho uwahi." Basi.

Alipokwisha kwenda, mama mdogo akanigeukia. "Umesikia? Kasema kesho!" Akajitupa chali juu ya kokoto zake kana kwamba ni godoro, na buti miguuni. Dereva akampigia honi apishe lori lipakiwe.

"Subiri huko!" akasema, macho kayafumba.