Mbwa Hakutia Ukucha Ndani

Juzi nilikuwa Bomani Bagamoyo, dirishani kwa karani anayegawa mbwa waliookotwa mitaani kwa amri ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Akaingia mkulima wa Miono na mkewe. Mzee alishika kamba ya mbwa kwa mkono mmoja. Kwa wa pili aliinua kanzu, pua ya yule mnyama isije ikamnajisi kabla ya adhuhuri.

"Tumemrudisha," mkewe akasema.

"Ameuma mtu?"

"Hapana."

"Amekula kuku?"

"Wala. Na nguruwe wamekoma shambani."

"Anaingia ndani?"

"Hata ukucha hajatia."

"Sasa kosa lake nini, mama?"

"Siku ya kwanza alilia ugeni. Huyu bwana akatoka na mkeka akae naye, eti mpaka azoee. Kesho yake akatoa mto. Sasa kitanda kizima kiko barazani."

Karani akamtazama mzee. Mzee akatazama dari.

"Aliyekatazwa ndani ni mbwa," akasema taratibu. "Mimi sikukatazwa nje."

Karani akaweka kalamu chini. "Mama, hapa tunapokea mbwa tu. Waume hatupokei."

Nilicheka mpaka zamu yangu ikanipita. Mama alibana midomo, akashindwa, akacheka naye, akaishika kamba mwenyewe wakaondoka.

Watu husema mbwa mgeni lazima azoeshwe nyumba. Ijumaa nilipita Miono nikapiga hodi kwao. Barazani palikuwa na vitanda viwili, mbwa kajilaza katikati. Ndani wanalala kuku.